Watoto Wanane wa Seattle

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali ya umma ya mji wa Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, daktari kijana aitwaye Christy Ulleland alikuwa akihudumia watoto wachanga waliokataa kunenepa. Mtoto aliyedhoofu kwa kukosa chakula nyumbani, akilazwa na kunyonyeshwa vizuri, huanza kuongezeka uzito baada ya siku chache, na hapo daktari hujua chanzo kilikuwa nini. Hawa walilishwa, wakapimwa, wakalishwa tena, na mizani ikabaki pale pale. Ulleland akarudi kwenye mafaili ya mama zao. Akakuta jambo linalojirudia faili baada ya faili: mama alikuwa mlevi wa kupindukia, na alikunywa mimba nzima.

Habari hizo zilimfikia David Smith wa Chuo Kikuu cha Washington, mji huo huo. Smith alikuwa daktari wa watoto ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusoma maumbile ya waliozaliwa na kasoro: jicho limekaaje, sikio limeshuka kiasi gani, mistari ya kiganja inapita wapi. Mwaka 1970 alikuwa ametoa kitabu kizima cha namna ya kutambua kasoro hizo kwa mpangilio wake. Msaidizi wake alikuwa Kenneth Lyons Jones, na waliandamana na mwanasaikolojia Ann Streissguth, aliyepima akili za watoto hao. Siku ikapangwa, watoto wanane wa mama walevi wakaletwa, wakachunguzwa kwa pamoja na madaktari wale wale.

Wanne kati yao walifanana. Hawakuwa ndugu, hata rangi zao hazikuwa moja, lakini walifanana kama waliozaliwa nyumba moja. Macho yao yalikuwa na upenyo mfupi, toka kona ya ndani hadi kona ya nje. Kile kijifereji kinachoshuka kutoka puani hadi mdomoni, ambacho karibu kila binadamu anacho, kwao kilikuwa kimesawazika. Mdomo wa juu ulikuwa mwembamba kama uzi. Vichwa vilikuwa vidogo kuliko umri, vimo vifupi, akili zilichelewa. Baada ya hapo wakapatikana watoto wengine wawili kwa kuutazama uso tu. Kisha Smith na Jones wakakumbuka wawili zaidi, waliowahi kuwaona zamani na kuwaandika kuwa wana ugonjwa usiojulikana. Wakafuatilia historia ya mama zao, na kote wakaikuta pombe.

Hapo ndipo kwenye moyo wa habari hii. Kwa hawa wanne wa mwisho, daktari aliuona uso kwanza, kisha akaenda kumtafuta mama na chupa. Pamoja na wale wanne wa mwanzo wakawa wanane. Hao, wa jamii tatu tofauti, yaani Wazungu, Weusi na Wahindi Wekundu, ndio walioingia katika makala iliyochapishwa na jarida la kitabibu la Uingereza, Lancet, tarehe 9 Juni 1973. Novemba ya mwaka huo ikafuata makala ya pili, yenye watoto watatu zaidi. Mmoja wao alikuwa amefariki siku chache baada ya kuzaliwa, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa umejengeka vibaya tangu tumboni. Katika makala hiyo ugonjwa ukapewa jina linalotumika hadi leo, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita sindromu ya pombe kwa kijusi.

Walipopekua maktaba, watu wa Seattle waligundua kwamba hawakuwa wa kwanza. Miaka mitano kabla yao, mwaka 1968, daktari wa watoto Paul Lemoine wa mji wa Nantes, magharibi mwa Ufaransa, alikuwa amechapisha taarifa ya watoto 127 wa wazazi walevi. Aliutaja uso ule ule, udogo ule ule, akili zile zile zilizochelewa. Aliandika kwa Kifaransa katika jarida la mkoani, na ulimwengu haukumsikia. Kabla yake, mwaka 1957, Jacqueline Rouquette alikuwa ameandika tasnifu mjini Paris juu ya watoto 100 wa wazazi walevi. Tasnifu ikabaki rafuni.

Tukirudi nyuma zaidi tunafika London ya karne ya 18, mji uliokuwa umezama katika pombe kali ya gin. Ilikuwa rahisi mno, na ililevya masikini wake kwa waume. Mwaka 1726 Chuo cha Kifalme cha Matabibu kililiandikia Bunge kulalamika kwamba pombe hizo zinaharibu watu, na miongoni mwa madhara kikataja watoto wanaozaliwa dhaifu na wagonjwa. Mwaka 1751 mchoraji William Hogarth akatoa picha yake maarufu ya mtaa wa gin, ambamo mama mlevi amekaa ngazini huku mtoto wake akimponyoka na kuanguka. Wapo wanaodai kwamba ukitazama uso wa mtoto huyo utaziona dalili za sindromu. Mimi siamini. Mchoraji alichora maangamizi, hakuwa akimpima mtoto macho. Vivyo hivyo hutajwa habari ya mamaye Samsoni katika kitabu cha Waamuzi, aliyekatazwa na malaika kunywa divai na kileo. Katazo lile lilikuwa la nadhiri ya mtoto aliyewekwa wakfu, na si haki kuligeuza kuwa somo la uzazi. Malalamiko ya matabibu wa 1726 yanatosha. Walikuwa wameona.

Aliyekaribia zaidi kabla ya karne ya 20 ni William Sullivan, daktari wa magereza mjini Liverpool. Mwaka 1899 alitoa taarifa ya wafungwa wanawake 120 waliokuwa walevi, ambao kwa jumla walikuwa wamezaa watoto 600. Zaidi ya nusu ya watoto hao walizaliwa wafu au walikufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Sullivan hakuishia kuhesabu. Alitafuta ndugu wa kike wa wafungwa hao ambao hawakuwa walevi, akakuta vifo vya watoto wao havifiki nusu ya kiwango hicho. Halafu akaona jambo lililopaswa kufunga mjadala. Baadhi ya wanawake waliokuwa wamepoteza watoto mfululizo walishika mimba, wakafungwa mapema, wakakosa pombe kwa sababu gereza halina pombe, na wakajifungua watoto wazima. Mama alikuwa yule yule na damu ya ukoo ni ile ile. Kilichobadilika ni kimoja tu.

Kwa nini basi ilichukua miaka 74 tena? Nadhani jibu liko katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba vita dhidi ya ulevi iliendeshwa na wahubiri pamoja na wale waliotaka kuwazuia masikini wasizae. Sayansi ikachanganyika na mahubiri hadi watu wakashindwa kuvitenganisha. Mwaka 1910 Karl Pearson na Ethel Elderton walitoa takwimu wakisema hawakuona madhara ya ulevi wa wazazi kwa watoto, na ugomvi mkubwa ukazuka. La pili ni Marekani yenyewe. Kuanzia mwaka 1920 hadi 1933 pombe ilipigwa marufuku nchi nzima, na marufuku ilipoanguka, kila onyo la zamani lilionekana kuwa porojo za waliokuwa wakiitetea. Katika miaka ya 1940 wataalamu wakubwa wa ulevi waliandika kwamba hakuna ushahidi wa maana kuwa pombe inamdhuru mtoto tumboni.

Hali ikafika mahali pa kutisha. Katika miaka ya 1960 Fritz Fuchs, daktari wa uzazi aliyefanya kazi New York, alieneza tiba ya kuzuia uchungu unaoanza kabla ya wakati kwa kumtundikia mama dripu ya pombe. Ndiyo, pombe yenyewe, ikipita kwenye mshipa, mama akiwa amelala wodini amelewa kwa amri ya daktari. Tiba hii ilikuwa bado inatumika wakati Smith na Jones wakiwachunguza watoto wao. Siwataji madaktari hao ili wahukumiwe, kwa kuwa walitaka kuwaokoa watoto njiti. Nawataja ili msomaji aelewe jinsi ujuzi uliopatikana Liverpool ulivyokuwa umepotea kabisa.

Makala ya 1973 nayo haikupokelewa kwa mikono miwili. Waliopinga walisema kinachoonekana ni umasikini: mama mlevi hali vizuri, anavuta sigara, anapigwa, haendi kliniki, basi mtoto ataachaje kuwa dhaifu? Swali lilikuwa la haki, na lilijibiwa maabara. Mwaka 1981 Kathleen Sulik alichapisha majaribio ya panya wenye mimba. Panya waliokula vizuri na kutunzwa vizuri walipewa pombe katika siku moja tu, siku ya saba ya mimba, ambayo kwa binadamu hulingana na wiki ya tatu. Vijusi vyao vikatoka na uso ule ule, macho madogo na mdomo mrefu usio na mfereji. Wiki ya tatu wanawake wengi hawajajua kwamba ni wajawazito.

Namna pombe inavyofanya kazi hiyo inajulikana vya kutosha. Mama akinywa, pombe hupita kwenye kondo la nyuma bila kuzuiliwa, na baada ya muda mfupi kiwango katika damu ya kijusi hukaribia kile cha mama. Ini la mama linaweza kuisaga. Ini la kijusi bado changa, na maji yanayokizunguka yanaihifadhi pombe hiyo. Uso hujengwa katika wiki chache za mwanzo, kwa hiyo mama aliyekunywa baadaye anaweza kuzaa mtoto mwenye sura ya kawaida kabisa. Ubongo hujengwa miezi yote tisa. Ndiyo maana watoto wengi walioathiriwa na pombe hawana uso wa Seattle. Wana matatizo ya kumbukumbu, ya hesabu, ya kutuliza hasira, ya kuelewa matokeo ya kitendo, na hakuna alama yoyote usoni ya kumshtua mwalimu. Huitwa wakaidi.

Utambuzi ukawa fani. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha sindromu hii; kuna rula, utepe, jicho lililofunzwa na mazungumzo. Mwaka 1997 Susan Astley na Sterling Clarren, wa chuo kile kile cha Seattle, walitoa utaratibu wa tarakimu nne. Daktari hutoa alama, kuanzia 1 hadi 4, kwa mambo manne: ukuaji, uso, ubongo, na pombe iliyonywewa wakati wa mimba. Kwa mdomo na mfereji wake kuna picha tano zilizopangwa, kuanzia mfereji wenye kina na mdomo mnene hadi uliosawazika na mdomo mwembamba. Mtoto asiwe anatabasamu, maana tabasamu huunyoosha mdomo wa kila mtu. Jicho hupimwa kwa rula ndogo toka kona hadi kona, au katika picha, mtoto akiwa amebandikwa kwenye paji la uso kibandiko kidogo chenye upana unaojulikana ili kompyuta ipate kipimo.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Midomo na macho ya watu hayalingani dunia nzima. Mdomo unaoonekana wa kawaida kwa Mzungu unaweza kuwa mwembamba mno kwa Mwafrika, na upenyo wa jicho la mtoto mweusi kwa kawaida ni mrefu kidogo kuliko wa mtoto mweupe. Kwa sababu hiyo Astley alitengeneza picha za aina mbili, moja ya Wazungu na nyingine ya Wamarekani weusi. Daktari anayempima mtoto wa Moshi au Kisumu kwa jedwali la Ulaya anaweza kumpita mgonjwa akidhani ni mzima. Tena amtazame na mzazi, kwa kuwa mdomo mwembamba unaweza kuwa urithi tu wa bibi yake. Mdomo peke yake si ugonjwa.

Afrika iliingia katika historia hii kupitia mashamba ya zabibu. Waholanzi walifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, na miaka saba baadaye divai ya kwanza ikakamuliwa. Kazi ilifanywa na wenyeji Wakhoi na watumwa walioletwa kwa bahari kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Indonesia. Kukaota desturi iliyoitwa dop: mfanyakazi hupewa vikombe vya divai mara kadhaa kwa siku, kuanzia asubuhi, kama sehemu ya ujira wake. Utumwa ulikwisha katika miaka ya 1830, dop ikabaki. Sheria ilikataza kulipa mshahara kwa divai mapema miaka ya 1960, lakini desturi iliendelea kwenye mashamba kwa miongo. Hata ilipokoma, iliacha vijiji ambamo kulewa Ijumaa na Jumamosi kulikuwa ndiyo starehe pekee, kwa mume na kwa mke.

Mwaka 1997 watafiti, wakiwamo Philip May kutoka Marekani na Denis Viljoen wa Afrika Kusini, waliingia katika shule za msingi za Wellington, mji mdogo wa mashamba ya zabibu karibu na Cape Town. Walipima kimo, uzito na mzingo wa kichwa cha watoto wa darasa la kwanza. Waliokuwa wadogo kuliko wenzao walichunguzwa na madaktari ambao hawakuambiwa lolote kuhusu mama zao, kama vile Seattle uso ulivyotangulia. Mama walihojiwa kwa upande wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: zaidi ya watoto 40 katika kila 1,000 walikuwa na sindromu kamili. Katika awamu ya pili, iliyochapishwa mwaka 2005, idadi ilikuwa kati ya 65 na 74. Ni viwango ambavyo dunia haikuwahi kuviona. Kisha timu ya Viljoen ikaenda De Aar, mji wa makutano ya reli katika nyika ya Karoo, mahali pasipo na shamba hata moja la zabibu, na kukuta karibu watoto 120 katika kila 1,000 wa darasa la kwanza wameathirika.

Nimekaa sana na takwimu hizi na kila mara narudi kwenye kikombe cha asubuhi cha shambani. Watu wepesi wa kulaumu husema mama alijitakia. Lakini nani alimimina? Vizazi na vizazi viliwekewa divai mkononi na mwajiri, halafu msichana wa kizazi cha mwisho anashika mimba akiwa na miaka 19, amezaliwa katika ulevi, mume mlevi, jirani mlevi, na zahanati iko mbali, na hapo ndipo jamii inapokumbuka kumnyooshea kidole. Watafiti wenyewe walikuta kwamba mama wa watoto walioathirika walikuwa wadogo wa umbo na wenye lishe duni kuliko mama wengine, hivyo kiasi kile kile cha pombe kiliwapiga zaidi.

De Aar pia ilitoa habari njema, na ningependa ijulikane kama zile mbaya. Shirika la utafiti lililoanzishwa na Viljoen lilifanya kazi na mji mzima: matangazo, mazungumzo, na kuwafuata wajawazito kwa upole, bila kuwatukana. Watoto waliozaliwa baada ya juhudi hizo walipopimwa, sindromu kamili na ile isiyo kamili zilikuwa zimepungua kwa takriban asilimia 30.

Ann Streissguth, yule mwanasaikolojia wa mwanzo, hakuwaacha watoto wake. Aliwafuata wakikua. Mwaka 1996 yeye na wenzake walitoa taarifa ya watu 415 walioathiriwa na pombe tumboni. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamepata matatizo ya afya ya akili. Kwa waliovuka miaka 12, karibu 60 kati ya 100 walikuwa wamefukuzwa, wamesimamishwa au wameacha shule, na idadi kama hiyo walikuwa wamegombana na sheria. Lakini walikuwapo walionusurika na hayo, na Streissguth alitafuta tofauti yao. Mambo mawili yalijitokeza waziwazi: walikuwa wamelelewa katika nyumba tulivu, na walikuwa wametambuliwa mapema, kabla ya miaka sita.

Kwetu tuna mbege na ulanzi, chang'aa na gongo, waragi na urwagwa, na tuna wazee wanaomshauri mzazi anywe kidogo ili aongeze damu au maziwa. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila mjamzito aulizwe kuhusu pombe mapema iwezekanavyo na katika kila hudhurio. Swali hilo halihitaji mashine. Nesi unayesoma haya, muulize kama unavyomuuliza kama analala ndani ya chandarua, kwa sauti ile ile, na akijibu ndiyo usimgombeze, maana ukimgombeza hatarudi, na kila siku anayoacha kunywa mimba ikiwa bado changa, au hata ikiwa imekua, inamfaa mtoto. Na wewe mwalimu wa darasa la kwanza, yule mdogo kuliko wote, anayesahau leo alichojua jana na kurudia kosa lile lile dakika tano baada ya kuadhibiwa, weka fimbo chini. Mwite mzazi, zungumzeni, mumpeleke kwa daktari wa watoto akapimwe kichwa, macho na masikio, na waulizwe miezi ile tisa ilikuwaje. Usingoje avuke miaka sita.